Mjusi Asiyeacha Tonge

Hasira yangu ni ya karatasi moja, na nikiikumbuka hata leo chai hainishuki.

Chumba cha uani, hapa nyumbani kwangu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, anakaa nesi, binti wa kusini aliyeletwa na serikali. Mtu mzuri, anasalimia, anafagia. Ila alikuja na sanduku la kioo, na ndani yake mjusi. Si huyu wa ukutani. Wa kwake ni wa nchi za mbali, ana miba kidevuni kama ndevu za mzee, na alipoletwa hakuzidi kidole changu. Sisi mjusi tunampiga kandambili. Yeye wake kamnunulia taa ya kumpasha joto. Kila mtu na mwanawe.

Mwaka ukapita, mjusi akawa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Nesi akapata feria, likizo yao ya kazini, mwezi mzima.

"Vovo," akaniambia, yaani bibi kwa Kireno, "mtoto wangu nakuachia wewe. Kila kitu kimeandikwa hapa."

Karatasi yenyewe kaibandika juu ya kioo, kwa Kireno. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tu, Kireno cha kusoma sina. Mjukuu wangu, msichana wa darasa la sita, akanisomea: wadudu mara tatu kwa siku, kadiri atakavyomaliza, na majani kidogo. Nikasema hewala. Amana ni amana, hata ikiwa na mkia.

Basi kila alfajiri mjukuu yuko nyasini anakamata panzi. Mvua iliponyesha wakatoka kumbikumbi, nikamjazia kibakuli. Akala wote. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni akifuta sahani, maana yake hajashiba, na wewe mwenyeji unaona haya, unamwongeza. Aliyeshiba huacha tonge. Huyu hakuacha hata bawa. Nikamwongeza, akafuta. Nikamwongeza tena. Na tangu tulipokimbia vita, tukalala porini upande wa Pundanhar watoto wanatafuna maembe mabichi, niliapa kwamba nyumbani kwangu hakuna kinywa kitakachoomba mara mbili.

Jirani yangu akaja kuchungulia, ulimi wake haujui kulala.

"We bibi, huyo ni mjusi au umeweka mwali ndani?"

"Mwali. Lete zawadi."

"Nilete mume kwanza, mbona huyu kashaiva!"

Tukacheka. Kesho yake akaleta panzi kopo zima.

Wiki ya tatu mjusi akalala tu. Tumbo limetandaa chini, miguu ya nyuma anaiburuza, na choo hapati siku ya nne. Nikamwekea panzi mbele ya pua, akafumba macho. Mjukuu akalia, "Bibi, anakufa huyu." Mimi nikajiuliza: mtu kanikabidhi kiumbe kizima, nitamrudishia mzoga ndani ya kioo?

Nikampigia nesi. Mtandao ukakatika mara mbili. Aliposikia habari akasema, "Mara tatu? Ai, vovo! Karatasi ile niliiandika alipokuwa mchanga!" Akacheka. Kicheko cha woga, lakini alicheka.

"Na huyu uliyeniachia ni mchanga?"

"Hapana, vovo. Nilisahau kuibadilisha."

"Ulisahau. Haya, sema sasa, taratibu, mtoto aandike kwa Kiswahili."

Akasema. Mchanga anajenga mwili, kwa hiyo wadudu mara mbili au tatu kwa siku, wale anaowamaliza kwa muda mfupi, kisha basi. Na mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho yake. Akiwa kijana, mara moja au mbili, majani yanaongezwa. Akishakuwa mzima, majani kila siku, panzi wachache mara mbili tatu kwa wiki.

"Ukimpa atakula, vovo. Hajui kuacha."

Hilo ndilo lililonichoma. Unajua kwamba hajui kuacha, halafu unambandikia mtu mzima chakula cha mtoto mchanga! Wanangu mimi nimewalisha uji kwa kijiko, lakini si mpaka wakaota ndevu. Na mimi mwenyewe je? Macho ninayo. Tumbo lile nililiona likitanuka kila siku, nikaliita baraka.

Kama alivyotuelekeza, tukamkalisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, mjukuu anampapasa tumbo kwa kidole kimoja. Umeme ulikuwa umekatika, taa yake haiwaki, nikamweka juani. Jirani akaja na kopo lake.

"Rudi nalo," nikamwambia. "Mwali kafunga."

Siku ya pili mjusi akatoa choo, tena kingi. Sikuwahi kudhani nitamshukuru Mungu kwa kinyesi cha mjusi, lakini nilishukuru kwa sauti. Tukamkatia majani ya maboga, membamba. Siku mbili aliyatazama kama mtoto anayetazama dawa. Ya tatu akala.

Nesi aliporudi alimtoa, akampima kiganjani.

"Vovo, amepungua!"

"Mweke chini."

Akamweka. Mjusi akakata ukumbi mbio mpaka kizingitini, miguu yote minne, mjukuu nyuma yake anapiga kelele.

Nesi akaanza kunishukuru. Sikutaka shukrani. Juu ya kioo tulikwishabandika karatasi yetu, mwandiko wa mjukuu. Ile ya kwake nilikuwa nimeikunja na kuiweka kabatini. Nikamtia mkononi.

"Mjusi wako huyo. Na hii nayo ni yako, sikuichoma kwa sababu si mali yangu. Kaichome mwenyewe. Jiko linawaka."