Kazi ya Jirani

Shuleni kwetu Magogoni, Kisauni, kengele ya somo la dini ikilia darasa hugawanyika. Wanafunzi Waislamu hubeba madaftari wakavuka uwanja kwenda kwa maalimu wao, Wakristo wakabaki nami. Muhula ule maalimu akahamishwa. Mwalimu mkuu akaniachia wote niwafundishe dini za ulimwengu, eti kwa kuwa mimi ni Mkristo mwenye mashemeji Waislamu, nitawaweza.

Sikuwaweza. Watoto wa umri ule wana majibu mengi kuliko maswali. Nikiwataja Mabudha, wa nyuma wanacheka. Nikiwataja Wahindu, mmoja anauliza mambo ya ng'ombe, na nikimjibu hasikilizi. Nilipochoka kupiga kelele nikawapa kazi ya nyumbani: kila mtu aende kwa jirani wa dini nyingine, amuulize anavyoabudu.

Wakaniletea vyakula! Idi ni pilau. Krismasi ni pilau na soda. Diwali ni vitamu vya rangi, na aliyeandika hivyo akalalamika kwamba watu wa Nyali hawagawi. Mungu hayumo hata kwa dawa. Nilitamani kuyachana yale makaratasi.

Msichana mmoja tu, mpole wa dawati la mbele, ndiye aliyeandika ibada. Jirani yake, bibi mmoja Mwislamu, alimwonyesha anavyotawadha na anavyoswali alfajiri. Nikaisoma kazi yake mbele ya darasa, nikafurahi kama mjinga.

Kesho yake, ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamkuta babake, mlokole aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni.

"Mwalimu, wewe watuharibia watoto."

"Nimemtuma kwa jirani tu, baba."

"Jirani gani? Yule ni mama yangu!"

Akaeleza bila haya. Mamake alisilimu alipoolewa mara ya pili. Yeye alipookoka, akawakataza watoto kuvuka ua kwenda kwa bibi yao, wala kula chakula chake. Ua wenyewe ni mmoja, na bomba la maji ni moja.

"Kwa nini basi alikwenda?" nikauliza.

"Aliniambia ni kazi ya shule. Mimi sikusoma, mwalimu. Mwanangu kazi ya shule haachi hata moja, iwe iwavyo. Ndiyo maana nataka uiondoe wewe."

Nikamwambia upuuzi kama huo sijapata kuusikia. Mwalimu mkuu, ambaye hupenda amani kuliko kitu chochote, akakohoa, akaniambia niiondoe. Nikatoka nimefura. Siku hiyo nilifundisha habari za Mabudha kwa ukali ambao hata Mabudha wenyewe wasingeupenda.

Saa ya kwenda nyumbani yule msichana akanisubiri mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Usijali, kazi ile imeondolewa."

Hakufurahi. Akainamisha kichwa, akawa anavutavuta mkanda wa mkoba.

"Lakini haijaisha, mwalimu. Nimeandika alfajiri peke yake. Bado swala nne."

Nilisimama pale nikiwa na hasira na babake, na mwalimu mkuu, na pilau zote za Kisauni. Kisha nikarudi ndani, nikawazuia waliokuwa wakifunga mikoba, nikaandika ubaoni: Kazi ya nyumbani, jirani yako, adhuhuri.

Darasa zima likaguna. Yeye alikuwa ameshaanza kunakili.