Klementina Tuliyemfungia

Aibu niliipata mimi, Koko Nabintu, sikatai, lakini kusema kosa ni langu peke yangu hapo nakataa kabisa, sikilizeni kwanza.

Mjukuu wangu Gloria, wa binti yangu Safi, alikuwa ananisomea kitabu cha Kiingereza, cha Wazungu wa zamani wa magari ya farasi. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo yeye anasoma halafu ananigeuzia kwa Kiswahili chake cha hapa Joubert Park. Kitabu kisafi, msiniangalie hivyo! Humo kijana akigusa vidole vya binti, binti anataka kuzimia. Basi kuna Klementina, baba yake amekufa, na kijana Edwini amecheza naye dansi baada ya dansi mbele ya watu, na kwao ukifanya hivyo lazima uende kwa wazazi, kama kwetu, lakini Edwini akapotea bila kujitambulisha. Na hapohapo Gloria akafunga kitabu.

"Eish, Koko, nina mitihani."

Mitihani! Ameniachia mtoto wa watu kwenye mvua, analia!

Alhamisi, kwenye maombi ya wamama kule mtaa wa Bertrams, Mama Esperance, kiongozi wetu, akauliza mbona nimekunja uso. Ningesema ni kitabu cha mapenzi, mimi ninayewakemea wasichana kila Jumapili? Nikasema, "Ni binti mmoja, Klementina. Kijana Edwini amecheza naye mbele ya watu, kwao hajafika." (Semeni uongo uko wapi hapo.)

"Baba yake anasema nini?"

"Amekufa."

Yesu wangu! Mama Zawadi, yule fundi wa nguo, akalia kwa sauti, maana binti yake Neema alifanyiwa hivyohivyo na kijana wa mtaa wa Newtown ambaye mpaka leo hajaonekana. Sasa mbele ya machozi yale ningefungua mdomo vipi? Wakakata shauri tufunge kula kwa ajili ya Klementina, nami nikafunga, njaa ikinikwaruza tumbo namlaani Edwini.

Jumamosi mlango ukagongwa. Mama Esperance na Mama Zawadi katika vikwembe, vitenge vyao vya sherehe, na nyuma yao Papa Mulume, mzee wa kanisa, ndani ya suti, ameomba ruhusa kazini kwake kwenye ulinzi.

"Koko, vaa," akasema Mama Esperance. "Tunakwenda kwa wazazi wa Edwini. Wasidhani huyo mtoto hana watu."

"Edwini amesafiri," nikasema.

"Wapi?"

"London."

"Si kitu," akasema Papa Mulume, akitoa simu. "Simu inafika London. Leta namba."

Ndipo Gloria akatoka chumbani, anatafuna mkate. "Edwini? Yule wa kwenye kitabu?"

Papa Mulume akashusha simu.

"Koko Nabintu," akasema Mama Esperance polepole, "tumelala njaa kwa ajili ya kitabu?"

"Na nyinyi mbona hamkuuliza kama ni mtu?" nikamjibu, maana hasira ilinipanda. Papa Mulume alicheka mpaka akashika ukuta, mzee mzima!

Mama Zawadi peke yake hakucheka. Alivuta kiti, akakaa na kikwembe chake cha sherehe. "Gloria, mwanangu, soma. Nataka kujua kama alirudi."

Mitihani ikasahauliwa ghafla (nilipoomba mimi ilishindikana!). Gloria akasoma, chai ikapoa, na Edwini akarudi, matope mpaka magotini, mama yake mzazi yuko pembeni, akaomba msamaha mbele ya ukoo na kumwomba binti kwa heshima. Mama Zawadi akafuta macho kwa ncha ya kikwembe.

"Haleluya," akasema. "Angalau huyo."

Jumapili kanisa zima lilijua, na mpaka leo nikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kuna mtu atapiga kelele ng'ambo ya barabara, "Koko, Klementina hajambo?" Wanacheka, wao waliolia kunishinda! Mimi nimeapa: mtu nisiyeweza kumpigia simu, simpeleki tena kwenye maombi. Neema ndiye bado nampeleka. Huyo namba yake ninayo, na yule kijana wa Newtown bado tunamfungia.