Springi za Kutoshusha Gari

Jumamosi niliingia duka la spea mjini Embu kununua balbu ya taa ya mbele. Jamaa aliyenitangulia, gari lake dogo la mbio likingoja mlangoni, alikuwa akichagua shokomzoba za springi, zile unazizungusha zikashusha gari mpaka likaribie kulamba lami. Alipapasa nyekundu, akarudisha, akapapasa za buluu. Nikakohoa. Hakugeuka.

"Bosi, tushushe kiasi gani?" muuzaji akamuuliza.

"Usishushe. Ziweke juu tu, vile gari iko sasa. Si unajua barabara ya kwetu Manyatta? Itagonga chini."

"Sasa si ubaki na zako? Hizi ni ngumu, zitakuumiza mgongo bure."

Jamaa akamkazia macho kama aliyetukanwa. "Nataka watu wajue inaweza kushuka."

Uvumilivu ukaniisha, nikatoka. Nje nikainua macho: juu ya paa la duka lile nondo zimechomoza, zimeshika kutu, zinangoja ghorofa ambayo haijaanza tangu nihamie mji huu. Basi ndivyo tulivyo. Magari yako tayari kushuka, nyumba ziko tayari kupanda, na mimi nimerudi nyumbani bila balbu.