Koma na Komeza

Kichekesho hiki nimekisikia harusini, nimekisikia kwenye foleni ya mpakani, safari moja nimekisikia nje ya kanisa baada ya misa, na kila mara nimetamani kumzaba mtu kofi. Husimuliwa hivi: msichana mmoja aliyerudi kutoka Tanzania alikuwa akinyooshwa mabega mazoezini, hapa Gisenyi. Maumivu yalipomzidi akapiga kelele, "Koma!" Mwenzake, mtoto wa kule Rugerero asiyejua Kiswahili, akasikia "komeza", ambalo kwa Kinyarwanda ni endelea. Akaendelea, bega likateguka. Watu wanacheka mpaka wanajifuta macho. Msichana huyo ni mimi, na haikuwa hivyo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, tumehamia mtaa wa Nengo, bunduki za milimani zimeanza kunyamaza. Mama alivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza nyanya Goma, upande wa Kongo, akarudi jioni na vitenge. Mimi Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Darasani walinicheka, bombani walinicheka. Mahali pekee ambapo ulimi wangu haukuwa na kazi ni ukumbi wa parokia, ambako mwalimu mmoja aliyetoka Goma alifundisha wasichana jimnastiki. Nilijua kusimama kwa mikono, nilijua kupiga daraja. Pale hakuna aliyenicheka, na ningefanya lolote ili nisipakose.

Mwalimu yule alikuwa na wazimu wa mabega. Suplesi, suplesi, ndiyo hadithi yake kutwa, yaani ulaini wa viungo. Alitaka tukipiga daraja mabega yapite viganja. Basi tulilala kifudifudi juu ya magunia, mikono imenyooshwa mbele, tumeshika mti wa ufagio. Mwenzako anapiga magoti kando ya mabega yako, anaushika mti na kuuinua polepole. Anayenyooshwa ndiye mwenye kusema basi. Hiyo ilikuwa sheria, na ni sheria nzuri, ila mwalimu hakuwa na subira nayo.

"Samaki mukunje angali mubichi," alikuwa akisema. "Bon, bega ya mutoto ingali mubichi. Mukichelewa inakauka, na mi sitaki kuni kavu hapa."

Methali hiyo naichukia hadi leo. Samaki anayekunjwa ameshakufa, hahisi kitu.

Siku yenyewe mwalimu alichelewa, na kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja Jumapili kututazama, akasema hakuna kukimbia wala kuchezesha mikono, tuingie moja kwa moja kwenye mti. Ukumbi ulikuwa baridi, asubuhi ya mvua, miili yetu imekaza. Mwenzangu alikuwa yule mtoto wa Rugerero, msichana wa umri wangu, mpole, ambaye kabla ya kuinua mti alikuwa na desturi ya kunigusa kisogoni kuuliza kama niko tayari. Akainua. Bega la kulia likawaka moto, nikasema, "Koma."

Kwetu Tanzania hilo ndilo neno la kumwambia mtu aache sasa hivi. Naye aliacha. Nilihisi mti ukishuka, nikahisi na vidole vyake vikiuachia. Hakujua neno, lakini sauti aliijua. Kisha mikono mingine, mikubwa, ikaushika mti, na goti zito likatua katikati ya mgongo wangu.

"Si amesema mwenyewe komeza," mwalimu akasema, akicheka. Nikalia. Akavuta. Nikasikia kitu kikitoka mahali pake.

Sijui alisikia vibaya au alijifanya, na sijali. Mtoto anayelia hahitaji mkalimani.

Hospitalini Mama alikuja moja kwa moja kutoka mpakani, miguu imejaa tope. Mwalimu akamwahi mlangoni. "Pole mama. Ni mambo ya batoto tu. Huyu alisema koma, mwenzake akasikia komeza." Hapo ndipo kichekesho kilipozaliwa, na wa kwanza kukicheka alikuwa mama yangu. Nilipomweleza habari ya goti aliniambia, "Mwanangu, mwalimu ana kosa gani? Si ndiye aliyekubeba mpaka huku? Wewe jifunze Kinyarwanda." Tulikuwa wageni, na mgeni hagombani na mtu anayesalimiwa na mji mzima. Hilo nalielewa. Kile kicheko chake sijakisamehe.

Mkono wangu wa kulia hauvuki sikio. Mwalimu aliendelea kufundisha. Siku hizi na mimi nafundisha watoto, nao hukimbia mpaka watoke jasho kwanza, kisha kila mmoja anausukuma mti mwenyewe, kwa nguvu zake, na mimi mikono yangu naiweka nyuma. Wazazi wengine hulalamika kuwa nachelewesha. Wacha walalamike.

Yule mwenzangu aliacha mazoezi wiki ileile. Nilimkuta mwaka uliofuata sokoni Mahoko, anauza viazi na shangazi yake. Kinyarwanda nilikuwa nimeshakijua, nilikisoma kwa hasira. Aliutazama mkono wangu, akaanza kulia, akaniomba msamaha.

"Nilisikia komeza," akasema.

Nikamwambia hukusikia hivyo, uliachia, nilihisi vidole vyako vikitoka. Aliyevuta ni mwalimu.

"Hapana," akasema. "Nilivuta mimi. Kila mtu anajua."

Nilimshika mkono nikamrudia yote tangu mwanzo, kwa lugha yake, kila neno mahali pake. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu anayekufariji msibani. Kisha akainama, akaanza kunichagulia viazi vikubwa.