Keki ya Wanja na AC Niliyoisifu Kanisani

Nikianza kusimulia haya uso bado unanichoma, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko msikie kwa watu wa Ishiara, maana wao wameyaongeza chumvi mpaka hayaliki.

Mimi naitwa Kendi, mtu wa Nkubu, kule tulikolelewa ndani ya sweta, na niliteremka huku Ishiara kwenye joto kwa sababu bwanangu alipewa kazi ya ualimu. Mimi napika keki. Sasa hebu fikiria mtu wa kupika keki anakaa ghorofa ya tatu, ya mwisho, mabati yako hapo juu ya kichwa, joto moja linashuka kutoka kwa paa na lingine linapanda kutoka barabarani, wewe unachora waridi la krimu, unageuka kuchukua kisu, ukirudi waridi limekuwa uji.

Kwa hivyo Mama Wanja, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, aliponipa keki ya harusi ya msichana wake, ghorofa tatu nzima, nilijua hapo ndipo jina langu litajengwa ama litazikwa. Nikafunga safari hadi Embu mjini kununua AC.

Njeru, kinyozi mwenye duka chini ya nyumba yetu (ni mtu wa maoni mengi, na shavu moja huwa limejaa majani ya muguka anayotafuna), alikuwa ameshanishauri. "Kendi, nunua ile ya kawaida. Hata ikiharibika fundi yeyote anaifungua. Hizo za inverter ni bodi tupu, ikiungua unalia."

Dukani nikapata msichana mpole, akanionyesha zote mbili. "Hii ya kawaida, madam, injini yake inajua mambo mawili tu, kuwaka yote na kuzima yote, na kila ikiwaka inavuta stima kwa kishindo. Hii ya inverter inaanza polepole, na chumba kikipoa inapunguza mwendo badala ya kuzima." Aliongea kama dakika kumi, na mimi natingisha kichwa kama mtu anayeelewa, lakini masikio yangu yalishika neno moja peke yake: inverter. Binamu yangu kule nyumbani ana inverter ya sola, stima ikipotea kijiji kizima yeye anaendelea kutazama televisheni. Nikajiambia, kumbe AC pia zina hiyo! Nikachukua, nikarudi na kichwa juu.

Sasa, Jumapili kabla ya harusi, karani wa kanisa akasoma tangazo kwamba Ijumaa stima itakatwa Ishiara yote kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mama Wanja akashika kichwa. Kitu nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, niende nyumbani, niulize mtu. Nikasimama.

"Mama Wanja, usiwe na wasiwasi," nikasema mbele ya kanisa lote. "AC yangu ni ya inverter. Stima iende isiende, kwangu ni baridi tu. Hata Ijumaa njooni mpumzike, mtadhani mko Nkubu."

Na wakaja! Ijumaa saa mbili na nusu Mama Wanja akaingia na dada zake wawili kutoka Siakago, mmoja amebeba shali nzito kwa sababu ya ile baridi niliyoahidi, halafu Mama Muthoni wa ghorofa ya pili naye na mtoto mgongoni na yogati zake za kuuza ndani ya karai. Keki ilikuwa mezani, nyeupe, mawaridi yameipanda kutoka chini hadi juu. Wakaisifu. Mimi nikamimina chai nikijiona gavana.

Saa tatu kamili AC ikasema "tii" ikafunga mdomo.

"Imefanya nini?" Mama Wanja akauliza.

"Inabadilisha," nikasema. "Inatoka kwa stima inaingia kwa inverter. Ngoja kidogo."

Tukangoja. Yule dada wa shali akajifunika vizuri, tayari kwa baridi. Nikabonyeza rimoti, nikatoa betri zake nikazisugua kwa nguo, nikabonyeza tena, mwingine akapendekeza tuombe, tukaomba, tukafungua macho, kimya. Jasho likaanza. Waridi la juu kabisa likainamisha kichwa polepole kama mtu anayesalimia.

"Kendi." Mama Wanja aliita kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Hiyo inverter iko wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

Mama Muthoni akapaza sauti dirishani akamwita Njeru. Alipanda, nikamwuliza betri ya inverter iko wapi, akaitazama mashine, akanitazama mimi, halafu akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Betri gani, Kendi? Hiyo inverter ni ya kupanga mwendo wa injini! Bila stima hili ni sanduku la ukutani!"

Mwenye shali akaivua, taratibu, akaikunja. Hakuna aliyenitukana, na hiyo ndiyo iliuma zaidi. Halafu waridi likaanguka, pwaa, juu ya ghorofa ya pili ya keki, na Mama Wanja akatoa leso akajifuta macho, nikaona si jasho. Binti yake wa pekee. Kesho.

Hapo kitu kikanipanda. "Njeru, lete jenereta yako."

Akaacha kucheka. "Hiyo ni ya mashine za kunyoa. Watu wa lodging, ile nyumba ya wageni hapo mbele, waliiazima wakajaribu kuwasha AC yao, ikakohoa mara moja ikazima."

"AC yao ni ya kawaida?"

"Ya kawaida."

Na hapo ndipo maneno ya yule msichana wa duka, niliyoyalipia bila kuyasikiliza, yakarudi yote. *Inaanza polepole.* Yao ilivuta kwa kishindo, ndiyo maana jenereta ikashindwa!

"Lete," nikasema. "Ikizima, Jumapili nasimama tena kanisani, niseme mimi ni mwongo."

Wacha tukimbie! Wale dada wawili wakaloweka leso wakazitandaza dirishani, Mama Muthoni akapepea keki na sinia, Njeru akashuka akafunga waya mnene kwa kamba ya nguo nikauvuta hadi juu, nikachomeka AC, naye akavuta kamba ya jenereta huko nje uani. Ikanguruma. Nikabonyeza.

Kwanza upepo wa moto tu. Tukatazamana. Halafu jenereta ikabadilisha sauti, ikawa nzito kama lori limeona mlima, mimi nikafunga macho, na ikapanda, pole, pole, ikashika!

"Imeshika?" Njeru akaita kutoka chini.

"Imeshika!"

Hewa baridi ikashuka usoni kwetu, na ngemi, yaani vigelegele, walizopiga wale akina mama zilileta watu kutoka sokoni kuuliza kuna posa ya nani. Njeru alipopanda aliweka mkono mbele ya AC, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, mimi Kendi, nimfafanulie inavyofanya kazi. Nikamfafanulia, tena kwa kifua.

Mawaridi nikayachora upya, na Jumamosi keki ya Wanja ilikatwa ikiwa imesimama wima kama askari. Mama Wanja akashika maikrofoni akasimulia yote, hata ile "inabadilisha" yangu, hema likacheka mpaka wazee wakafuta machozi, nami nikasimama nikainama kwa heshima, kwa sababu mwenye keki kama ile anaweza kuchekwa bila kupungukiwa. Kabla ya jioni watu watatu walikuwa wameniagiza zao.

Lakini nimeapa. Nilichagua mashine nzuri kwa sababu ya kijinga, na bahati ya aina hiyo haimtembelei mtu mara mbili. Siku hizi hata nikinunua jiko la makaa, nasoma kile kijitabu chake mpaka kurasa za Kichina.