Dhoruba Ukutani

Mzungu mmoja wa mashamba ya chai upande wa Sotik alipofungasha kurudi kwao baada ya uhuru, wanaume wa Manga walinunua ng'ombe wake. Baba yangu alinunua barometa, chombo cha kutabiri mvua na jua. Alipanda nayo kilima ameikumbatia kifuani: ubao mrefu mwembamba wa mahogani, na ndani yake bomba la kioo lenye zebaki. Nakiri ilikuwa nzuri. Hungeona mbao zilipoungwa, na maneno ya hali ya hewa yalikuwa yamechongwa juu ya bamba linalong'aa na fundi ambaye mkono wake haukutetemeka hata mara moja.

Ila zebaki ilishuka chini kabisa, ikapita hata neno la mwisho, Dhoruba, ikakaa huko. Na kwa kuwa kwetu hunyesha karibu kila alasiri, baba akawa nabii.

Mwaka nilioposwa, mama alivuna wimbi, yaani ulezi, kwa ugali wa wakwe. Kila asubuhi alipotaka kuanika masuke, baba, mzee wa kanisa la Wasabato, alitazama barometa yake ukutani.

"Usitoe. Dhoruba."

Jua liliwaka wiki nzima. Masuke yakalala jikoni na unyevu wake, yakaota. Na wimbi likishaota, kila Mkisii anajua, hicho ni kimea cha pombe.

Wakwe wakaja kutoka Kiogoro, Wasabato watupu, watu wasiogusa pombe. Nyumba ilinuka kilabu. Baba wa mchumba wangu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee mwenzangu, hapa mnapika pombe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimpenda kijana wake, na posa yangu ilikuwa inaondoka na kofia ile.

Mama akaeleza, akionyesha ukuta. Mchumba wangu, mwalimu wa sayansi, akaikagua barometa.

"Mzee, hii ilitengenezewa nchi ya chini, karibu na bahari. Huku juu hewa ni nyepesi. Itasema dhoruba mpaka Yesu arudi."

Mama hakungoja baba ajibu. Alitandika mikeka uani, akaanika masuke yote mbele ya wageni.

Saa tisa radi ikapiga. Tulikimbia sote, na baba mkwe, suti imelowa chepechepe, akashika ncha ya mkeka akauvuta hadi ndani. Baba alikuwa mlangoni, anatabasamu. Nilitaka kumchapa.

Baba mkwe alijipangusa kimea mikononi, akaomba chai, kisha akaniita mkamwana kwa mara ya kwanza.

"Mkamwana, kanisani usiseme nilibeba nini."