Mama Roketi na Dada Asiyezimia

Mashine za kuchomelea zinazimwa, na karakana nzima inanawa mikono. Fundi mkuu, mama wa makamo mwenye makovu madogo ya cheche, anakalia geti ambalo bado halijapakwa rangi. Anafungua kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji.

"Tuliishia wapi?"

"Chombo kimetoboka, hewa inavuja!" wanajibu mafundi wanne, midomo imejaa chakula. Binti yake wa sekondari, aliyekuja kusaidia likizo hii, anasogea karibu.

Hapa fundi mkuu wanamwita Mama Roketi. Kila mchana huwasomea riwaya za zamani za safari za angani, za Kiingereza, akizifasiri papo hapo. Huzinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, vitatu kwa bei ya soda moja.

Riwaya hizo ndizo zilizomfanya fundi. Akiwa msichana aliona juu ya jalada mtu akining'inia nje ya chombo, akichomelea ubavu wake katikati ya nyota.

"Nikasema kazi ndiyo hiyo. Nyota sikuzipata, lakini moto niliupata," anasema, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nusu ya mageti ya mtaa huu yametoka mikononi mwake, na hilo halisemi kwa kunong'ona.

Ila mapenzi hayo yana mwiba. Ndani ya riwaya hizo wanawake hawana kazi ila kupiga mayowe, kuzimia na kubebwa. Watu weusi wakitokea, wanabeba mizigo. Majaladani wanawake wamechorwa nguo zimewachanika, ndiyo maana ya karatasi ya saruji.

"Kuna kurasa zinanisahaulisha kula, na kuna kurasa natamani kuzitia motoni. Na zote zimo ndani ya kitabu kimoja! Utafanyaje?"

Alitafuta dawa yake. Kila alipofasiri, dada wa chomboni hakuzimia. Alishika mashine ya kuchomelea akaziba tundu, nahodha akamshikia taa. Mafundi walimpenda dada huyo kupita kiasi, wasijue kwamba kitabuni hayumo.

Mpaka likizo iliyopita, binti alipochungulia ukurasa na kumwaga mtama kwenye kuku wengi. "Mama, mbona hapa dada amezimia tu?"

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema mzee mpaka rangi wa karakana, na watu wakaangua kicheko. Mama Roketi hakucheka.

"Hawa mafundi nimewazoea. Niliogopa mwanangu hataniamini tena," anakumbuka.

Jioni ile binti aliondoka na kitabu, akakisoma chote. Asubuhi akakirudisha. "Kimeniudhi, mama. Kingine kipo?"

"Hapo nikajua, huyu ni wangu kabisa," anasema mama, macho yanang'aa kwa fahari.

Tangu siku hiyo husoma kilichoandikwa, hata kikimchoma. Leo anafika mwisho wa ukurasa, anashusha pumzi. "Dada akapiga yowe, akazimia." Anafunga kitabu. Wote wanamgeukia binti.

"Haya, mwamshe," anasema mzee.

Binti anaweka sahani chini, anasimama. "Dada akafungua macho, akauliza: mashine iko wapi?"

Karakana inalipuka kwa makofi. Mama Roketi anaweka kitabu pembeni na kusikiliza, maana yanayofuata hata yeye hayajui. Binti anasema ataandika kitabu chake akimaliza shule, na mama ameshapanga.

"Nitakinunua kwa bei kamili, sitaki punguzo la mama. Na hicho sikifuniki."